Waulizavyo Wasomaji: Kicheche Mweupe, Ukosi wa Bibi na Sungura wa Konde

Toleo lililopita tulichapa picha ya joho la kifalme la Uingereza, lile lenye ukosi mweupe uliotiwa vidoa vyeusi, tukaandika chini yake mstari mmoja kwamba manyoya yale ni ya kicheche. Mstari huo umetuletea barua nyingi kuliko makala yoyote ya toleo lile. Tumechagua nane.

Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Wete: *Skuli tumeambiwa huyo kicheche ni nguchiro wa Ulaya. Kama ni nguchiro, mbona wa kwetu hageuki mweupe?*

Nguchiro siye, mwanangu. Wamefanana umbo tu, kiwiliwili kirefu na miguu mifupi, kwa sababu wote wawili huwafuata panya hadi ndani ya mashimo. Kwa ukoo, nguchiro yuko upande wa paka na fisi, na huyu wa kwenye picha ni ndugu wa nyegere na fisi maji. Kitaalamu anaitwa Mustela erminea, jina alilopewa na Linnaeus, mtaalamu wa viumbe wa Sweden, mwaka 1758. Anaishi Ulaya na Asia ya kaskazini. Wa sehemu kubwa ya Amerika Kaskazini alihesabiwa kuwa ni yeye huyo huyo mpaka mwaka 2021, wataalamu walipomgawa na jamii ikawa tatu.

Ni mnyama mdogo. Dume la Ulaya huwa na gramu 200 hadi 400 na ushei, na jike ni mdogo zaidi. Kiangazi mgongo wake ni wa kahawia na tumbo ni la rangi ya maziwa. Baridi ikiingia huwa mweupe mwili mzima isipokuwa ncha ya mkia, ambayo hubaki nyeusi mwaka mzima. Ngozi hiyo ya baridi ndiyo inayoitwa ermini. Watu hudhani ermini ni mnyama mwengine. Ni yule yule, msimu ndio umebadilika.

Sasa kwa nini kwetu hakuna mnyama wa namna hiyo? Theluji hatuna, hilo liko wazi. Lakini hata ukimleta kicheche huyo Wete ukamtia kwenye chumba cha barafu, saa yake ingempotea, kwa sababu kinachomwamsha si baridi bali ni urefu wa mchana. Chukua kalenda ya swala iliyotundikwa ukutani kwenu, hesabu muda toka jua kuchomoza hadi Magharibi, mwezi wa Juni na mwezi wa Disemba. Tofauti ni kama dakika 40 tu. Stockholm, mchana wa Juni unapita saa 18 na wa Disemba ni kama saa sita. Mnyama wa huko anausoma msimu kwa macho.

Giza likirefuka, tezi ndogo iliyo ndani ya ubongo hutoa homoni ya melatonini kwa muda mrefu zaidi kila usiku. Hiyo hupunguza homoni nyengine, prolaktini, na unyoya mpya unaoota wakati huo huota bila rangi. Mwaka 1969 watafiti wa Marekani waliwatia vicheche melatonini chini ya ngozi katika majira ya kuchipua, wakati walipokuwa wakirudi kahawia. Wakaota tena manyoya meupe.

Zingatia neno kuota. Unyoya ukishatoka nje ni kitu kisicho na uhai, kama ukucha, haugeuki rangi. Wa kahawia hupukutika na mweupe hushika nafasi yake. Vuli ya huko mabadiliko huanzia tumboni yakapanda ubavuni hadi mgongoni, na huenda haraka. Majira ya kuchipua huanzia kichwani na mgongoni yakateremka, tena polepole.

Mwalimu, Makunduchi: *Basi ikiwa anafuata mwanga na si baridi, theluji ikichelewa inakuwaje?*

Inakuwa msiba. Mnyama mweupe kwenye majani makavu ya kahawia anaonekana mbali kama kanzu mpya kwenye tope. Jambo hili limechunguzwa katika msitu wa Białowieża, Poland, kwa mdogo wake, yule kicheche mdogo kabisa asiyekuwa na ncha nyeusi mkiani. Huko wanaishi wa aina mbili pamoja, wanaogeuka weupe na wanaobaki kahawia. Miaka ya theluji chache, weupe huliwa zaidi na idadi yao huanguka, na wa kahawia hupata nafuu.

Baridi si kwamba haina kazi kabisa. Katika nchi za katikati, kama Uingereza ya kusini, wengine hubaki kahawia na wengine hutoka mabakamabaka, kwa kurithi na kwa baridi ya mwaka ule. Ila ruhusa ya kuanza hutolewa na mwanga.

Fundi cherehani, Darajani: *Kwa nini ncha ya mkia haigeuki? Naona kama kasoro ya Mungu kusahau.*

Hakusahau, fundi. Mwaka 1982 mtafiti wa Marekani Roger Powell aliwafundisha mwewe kushambulia vicheche vya bandia vinavyokokotwa sakafuni. Chenye ncha nyeusi mkiani kilikoswa mara nyingi: mwewe aliruka akalenga ile nyeusi, na mkia ni mwembamba, ukachopoka. Alipoliweka doa jeusi mgongoni, mwewe hakukosa. Ndiyo sababu kicheche mdogo kabisa, ambaye mkia wake ni kishina tu, hana ncha nyeusi. Doa lingekuwa karibu mno na mwili.

Wewe kama fundi utapenda na hili: vile vidoa vya kwenye joho ndiyo hizo ncha. Mkia huchomekwa kwenye mkato mdogo ukashonwa kwa nyuma, na huachwa uning'inie. Kwa hiyo ukihesabu vidoa vya joho la kweli umehesabu wanyama, au angalau mikia yao.

Bibi wa Shangani, Mji Mkongwe: *Marehemu mama aliachiwa ukosi mweupe na bibi mmoja wa Kizungu aliyekuwa akimfanyia kazi. Una mikia sita myeusi. Upo kwenye sanduku tokea zamani, sasa umekuwa wa manjano na unatoa harufu. Nitajuaje kama ni huo wa kweli, na niusafishe vipi?*

Shikamoo bibi. Kwanza tunakuomba usiufue. Tutafika huko.

Kujua ni wa nini, puliza manyoya kwa mdomo mpaka yapasuke njia. Chini ukiona kitambaa kilichofumwa, ni wa kiwandani. Ukiona ngozi, chomoa nywele mbili tatu pembeni uzichome kwa kibiriti: za mnyama hunuka nywele zilizoungua na huacha majivu yanayosagika, za plastiki huyeyuka zikawa kidonge kigumu. Ukishajua ni ngozi, bado kuna sungura mweupe, ambaye ndiye aliyeuzwa kwa jina la ermini mara nyingi. Pitisha kiganja. Manyoya ya sungura ni marefu, mepesi, na yatabaki mkononi. Ya ermini ni mafupi, kama upana wa kidole, yamesongamana, na hurudi yakalala yenyewe. Kisha fumua bitana kidogo, pale ambapo mshono umelegea, uangalie upande wa ngozi. Ermini ni mnyama wa shibiri moja na kidogo, basi utaona miunganiko mingi ya vipande vyembamba, vidole vitatu au vinne upana wake. Ngozi pana isiyo na mshono si ermini. Mwisho tazama mikia: wa kweli una weupe shinani na weusi nchani, katika unyoya wenyewe. Wa bandia ni kipande cheusi tupu, au umepakwa rangi.

Manjano yana sababu mbili. Yapo ambayo mnyama alikufa nayo, hasa tumboni na karibu na mkia, kwa majimaji ya tezi zake. Hayo hayatoki. Mengine ni mwanga, jasho na moshi. Na hapa tuseme wazi, bibi, jambo ambalo nyumba zetu nyingi hufanya kwa nia njema: kuufukiza udi. Moshi wa udi una mafuta, unagandia kwenye unyoya mweupe na hautoki tena. Karafuu nazo, kama umezimimina sandukuni, ziondoe. Harufu yake huwachukiza nondo kidogo lakini haiui mayai, na mafuta yake huacha doa la kahawia.

Kwa nini usifue: ngozi hizi za zamani zilidabighiwa kwa shabu na chumvi. Shabu haishikamani na ngozi milele. Maji huitoa, na ngozi ikikauka huwa gamba, ukiikunja inakatika. Joto na unyevu wa miaka mingi hufanya kazi hiyo hiyo polepole. Jaribu pembeni, vuta kidogo sana kwa vidole viwili. Ikinyooka ikarudi, ina uhai. Ikichanika kama karatasi ya gazeti, hapo hakuna dawa ya kuirudisha; iweke bapa kama kumbukumbu, usiivae.

Ikiwa ngozi ni nzima, fanya hivi. Toa vumbi kwa burashi laini ya mtoto, kufuata lalio la manyoya. Chukua wanga wa mahindi, ule wa kupikia kastadi, kikombe kimoja kwa ukosi. Upashe kwenye sufuria kavu mpaka uhisi uvuguvugu mkononi, usizidi, nyunyizia kwenye manyoya na sugua polepole kwa ncha za vidole. Uache saa mbili unyonye mafuta na harufu, kisha kung'uta na upige burashi. Rudia mara mbili au tatu kwa wanga mpya mpaka utoke mweupe. Usitumie pasi, wala mashine ya kukaushia nywele.

Nondo: ukiona vipara vidogo na vijipunje kama mchanga, kuna funza. Ufunge ukosi kwa kitambaa, kisha mfuko wa nailoni uliobanwa hewa yote, utie kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Umeme ukikatika mpaka friza ikayeyuka, anza kuhesabu upya. Ukiutoa, usifungue mfuko mpaka upite usiku na mchana; ukifungua mapema unyevu wa hewa yetu utaganda juu ya manyoya kama jasho kwenye gilasi ya maji baridi, na ngozi itanyonya.

Halafu kuuweka. Nailoni haifai kwa kuhifadhi, ngozi huvunda ndani yake. Shona mfuko wa marekani, ile isiyotiwa rangi, uifue kwanza mara mbili itoe wanga wa dukani. Kanga mpya haifai, rangi inachuja. Weka ukosi bapa ndani ya mfuko, juu kabisa ya sanduku, usilaliwe na kitu. Ongeza vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Vidonge vya naftalini visiuguse. Masika usiufungue bila ya haja. Uanike kipupwe, Juni hadi Agosti, asubuhi kavu, kivulini penye upepo, nusu saa tu. Kila baada ya miezi mitatu utazame kwa nondo.

Mfugaji wa sungura, Konde, Pemba: *Nina sungura weupe, ngozi natupa. Je, naweza kutengeneza ukosi kama ule nikauza? Nipeni hatua.*

Kama ule, hapana. Sungura wa Konde haoni baridi, na unyoya wake ni mwepesi kuliko wa sungura huyo huyo akifugwa Ulaya. Lakini ngozi za mito, viti na mikoba zinatoka vizuri, na kutupa ni hasara.

Chagua mnyama wa miezi sita kwenda mbele ambaye hapukutiki. Vuta manyoya ya mgongoni kwa vidole: yakitoka kishungi, mwache wiki kadhaa. Baada ya kuchinja, chuna mara moja. Pemba una saa mbili, pengine tatu, kabla bakteria hawajalegeza mizizi ya unyoya. Ngozi inayonyonyoka mafungu mafungu baadaye iliharibika siku ya kwanza, na hakuna shabu itakayoiokoa. Tumbo likionyesha kijani, itupe.

Osha kwa maji baridi na sabuni kidogo, suuza. Kwenye ndoo ya plastiki, si ya bati kwa sababu shabu hula madini, tia lita 8 za maji, nusu kilo ya chumvi na nusu kilo ya shabu iliyosagwa, ile ya vinyozi. Yeyusha shabu kwanza kwa maji ya moto kidogo, kisha uache mchanganyiko upoe kabisa. Ndoo hiyo inatosha ngozi tatu au nne. Koroga asubuhi na jioni. Siku ya pili toa ngozi: ule utando wa ndani, wenye mafuta na vinyama, sasa unabanduka kwa vidole. Anzia mkiani, vuta kuelekea shingoni, ukitumia upande butu wa kisu. Hapa ndipo wengi hukosea kwa haraka, wakaacha mabaka ya utando. Chini ya mabaka hayo dawa haipiti, na ndipo ngozi huwa ngumu.

Rudisha ndooni siku tano hadi saba. Kujua imeiva, kata uzi mwembamba pembeni, penye unene: ndani iwe nyeupe yote, bila mstari wa rangi nyengine katikati. Suuza haraka, mara moja tu, ukamue bila kusokota. Changanya viini viwili vya mayai na vijiko viwili vya mafuta na nusu kikombe cha maji ya vuguvugu, pakaza upande wa ngozi peke yake. Ikunje ngozi kwa ngozi, ilale usiku mmoja.

Kukausha ni kivulini. Jua la kaskazi huipika ngozi ikawa gundi. Nayo haikauki peke yake ikalainika. Wewe ndiye unayeilainisha. Ikishakuwa nusu kavu, ukiikunja inaacha mstari mweupe, ivute huku na huku kwenye ukingo wa ubao uliotiwa msasa, dakika kumi, pumzika, tena dakika kumi, mpaka ikauke mikononi mwako. Ukienda msibani ukaikuta imekakamaa, ilowanishe kwa kitambaa chenye unyevu upande wa ndani na uanze tena kuvuta.

Mwambie mnunuzi kwamba haifuliwi. Na ukishona ukosi kwa joho la bwana harusi, mhurumie, ni Februari.

Msomaji wa Michenzani: *Kwa nini wafalme wakaupenda huo na si mwengine? Na hao wanyama wadogo, walikuwa wangapi?*

Weupe usio na doa, na taabu ya kuupata. Mabwana wa Uingereza wakafanya sheria ya safu za vidoa kwenye majoho ya kutawazwa mfalme: duke safu nne, marquess tatu na nusu, earl tatu, viscount mbili na nusu, baron mbili. Mtu akikupita unajua cheo chake kwa kumtazama mabegani. Kutawazwa kwa George VI mwaka 1937, hesabu inayotajwa ni ngozi 50,000 kutoka Canada. Joho la mahameli nyekundu aliloingia nalo Charles III kanisani tarehe 6 Mei 2023 ndilo hilo la George VI, limekarabatiwa. Vazi la ermini likitunzwa mahali pa baridi hupita miaka 80 bila shida. Lingekuwa Michenzani lisingefika huko.

Lakini kabla ya hao, Waarabu walimjua. Walimwita kakumu. Ibn Battuta, yule aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliandika alipokuwa nchi za mto Volga, Urusi ya leo, kwamba kakumu ndiyo bora ya ngozi zote, na joho lake moja Bara Hindi lilifika dinari 1,000, wakati la samuri, mnyama mwengine wa kaskazini mwenye ngozi ya thamani, lilikuwa 400. Akasimulia biashara ya Nchi ya Giza, safari ya siku 40 kwa magari ya kukokotwa na mbwa juu ya barafu. Mfanyabiashara anaweka bidhaa zake chini, anaondoka. Kesho yake anakuta kando yake ngozi za samuri, kuchakuro na kakumu. Akiridhika anachukua. Asiporidhika anaziacha, na usiku wenyeji wanaongeza, au wanabeba zao. Hakuna aliyemwona mwenziwe, na waliokwenda hawakujua kama wanauziana na watu au majini. Ibn Battuta mwenyewe hakwenda. Aliona taabu kubwa na faida ndogo.

Msomaji wa Mtoni: *Naweza kuswali nao?*

Kwa madhehebu ya Shafi, kudabighi huitoharisha ngozi ya mnyama isipokuwa mbwa na nguruwe. Manyoya yaliyo juu yake yana mjadala wake, na uhalali wa mnyama mwenyewe pia. Hilo mpelekee shehe wako, na umwambie ni kakumu. Jina hilo atalikuta vitabuni kwake.

Mkulima, Donge: *Mnasema anaingia mashimo ya panya. Kwa nini tusiletewe hapa watumalizie panya wa mpunga?*

Wamewahi kufikiri hivyo New Zealand. Mwaka 1884 wakaanza kuwafungua ili wale sungura waliozagaa mashambani. Sungura hawakwisha. Ndege ndio walioliwa, wale wasioruka, kiwi na kakapo, na nchi hiyo sasa imejiwekea lengo la kuwamaliza vicheche wote ifikapo 2050. Kazi ni ngumu kwa sababu wanaogelea zaidi ya kilomita moja baharini, na jike mmoja akifika kisiwani peke yake ametosha. Dume humpanda akiwa bado kitoto kipofu ndani ya shimo, mimba inasimama bila kukua kwa miezi tisa au kumi, kisha inaendelea kwa wiki nne na kuzaliwa watoto sita hadi kumi na mbili. Sisi tuna kunguru, walioletwa Unguja miaka ya 1890 kula taka za mji, na kila mwenye kuku Donge anajua walikula nini chengine.

Ghala la mpunga linyanyue juu ya nguzo, na kila nguzo uivishe kofia ya bati yenye ukingo wa sentimita 25 kila upande, kimo cha mita moja toka ardhini. Chini ya hapo panya huruka akaipita. Ngazi iondoe ukishashuka, na matawi ya mwembe yanayogusa paa yakate.